Mizani ya Albani

Nafagia makumbusho,
vioo vya maonyesho,
jana, leo, hata kesho,
hapa mjini Albani.

Pembeni kuna mtambo
wa mbao, chuma na fimbo,
hauna hata urembo,
na jina lake mizani.

Fundi: Hameni wa Veda,
baba mhunzi wa shida;
alipojaliwa muda
alichora majivuni.

Kiangazi wakulima
walileta kuipima
ngano; tajiri, kwa hima,
kidole chake jiweni.

Mtoto hakunyamaza:
"Kidole kinapunguza!"
Kofi moja likajaza
nyuki sikio la ndani.

Miaka kumi na sita
alikunja, alikata,
mpaka siri kapata:
wenzo wakaa shimoni.

Alida kamshikia
taa, kamhesabia
ratili, akimwambia
mkaa u ukingoni.

Huko dole halifiki,
wala hongo haishiki;
gari zima, hata haki,
lapimika hadharani.

Watu wakampa kura;
bungeni hana harara;
dola, kuona busara,
ikamtuma Londoni.

Kuchani mwake, mafuta
sabuni haikufuta;
mabibi wakazisuta
nyuma ya pepeo, chini.

Mpaka uligombewa,
ziwa moja na visiwa;
lodi mmoja, kalewa,
akamtusi mezani.

Hameni kageuzia
sikio lisosikia,
mkate kajikatia,
na siagi, kwa makini.

Wiki sita alipima
kila neno, mbele, nyuma;
lodi naye akahema,
kisha katia saini.

Ng'ambo, mkewe Alida
alikufa; na baada
ya siku sitini, Veda
alisoma barazani.

Karudi. Ile barua
jukwaani kaitua;
mshale, hata kujua
haukujua, jamani.

Jioni nikimaliza,
taa nikizipunguza,
kamba naruka kwa giza,
nasimama jukwaani.

Ratili mia na kenda,
na ufagio. Napenda
kuona mshale kwenda
bila dole la fulani.