Kisigino cha Soksi ya Kushoto

Chini ya kituo cha polisi cha Dauphin, Manitoba,
ngazi kumi na nne, bomba la maji ya moto likinguruma,
ndipo yalipolazwa majalada yaliyopoa.
Mimi ndiye ninayeyafungua, siku tatu kwa wiki.
Nimepewa glavu, taa,
na kiti chenye mguu mmoja mfupi.

Jalada la kwanza nililoshika lilikuwa na ukurasa mmoja:
"Mwanamume. Mtu mzima. Koti jeusi. Mtoni."
Sahihi, muhuri, basi.
Mtu mzima wa miaka mingapi? Thelathini? Sabini?
Koti la kununua au la kurithi,
na mifukoni mlikuwa na nini, hata kama ni makombo?
Mto upi, ndugu yangu? Nchi hii ni mito.
Labda saa ya chakula ilikuwa imefika,
na kwa ajili ya kipande cha mkate
mtu yule amekaa miaka arobaini na sita bila kuitwa.

Kisha likaja sanduku la Orest Hnatiuk.

Konstebo Hnatiuk, Februari 1981.
Wino uliganda kalamuni, akaandika kwa penseli.
Kurasa kumi na moja.
Msichana ndani ya kalvati, barabara ya Gilbert Plains.
Wenzake walimcheka, wakamwita Bwana Vifungo,
kwa kuwa alivihesabu: sita, vitano vya mfupa, kimoja cha plastiki.
Akaandika nywele zilipasuliwa upande gani.
Akaandika kovu la moto, pana kama ukucha wa mtoto.
Akaandika kwamba theluji juu yake ilikuwa tabaka mbili,
ya chini ngumu, ya juu unga,
maana yake alikuwa pale kabla ya dhoruba ya Jumanne.
Na mwisho wa ukurasa wa tisa, herufi ndogo kama chawa:
"Soksi ya kushoto, kisigino kimezibwa kwa sufu nyekundu.
Sufu imefumuliwa kutoka vazi jingine, bado ina mawimbi.
Uzi umevutwa kutoka kulia kwenda kushoto.
Huenda aliyeziba anatumia mkono wa kushoto."

Huenda. Nalipenda neno hilo.
Hakudai kujua. Aliweka kila kitu mezani,
kama anayeondoka nyumbani
akimwachia taa mgeni asiyemjua.

Nilipiga simu mia moja na kumi. Sitazisimulia.
Ya mia moja na kumi na moja ilipokelewa Flin Flon
na Lorraine Spence, mama mwenye kikohozi.
Nilimsomea kovu, akanyamaza. Makovu ni mengi.
Nilimsomea vifungo, akasema sweta zile ziliuzwa kila duka.
Nilimsomea kisigino.

Nikasikia kiti kikiburutwa.
"Hiyo ni sweta ya hoki ya kaka yetu.
Panya waliitafuna mikono, Mama akaifumua.
Sisi sote saba tulitembea na visigino vyekundu.
Mama alishona kwa kushoto, alikata mkate kwa kushoto.
Shuleni waliupiga fimbo mkono ule,
na bado aliutumia."
Kisha akalitaja jina. Akalirudia.
Mara ya tatu alilitaja
kama anayemwita mtu aingie ndani, chakula kinapoa:
"Doreen. Doreen, wewe."

Vinasaba vilikuja baadaye, na mawakili,
na mzee mmoja wa malori aliyeapa
kwamba alimshusha kituo cha basi Jumatano, mzima, akicheka.
Tabaka mbili za theluji zikamkatalia.
Vifungo vya Hnatiuk, mwishowe, vikazaa kifungo.
Mwenyewe hakukiona; alizikwa mwaka 1999.
Nilimpelekea kifungo cha plastiki, nimekinunua dukani,
nikakisukuma kwa kidole mpaka ndani ya udongo.

Ijumaa, kabla ya kuzima taa,
narudi kwenye ukurasa ule mmoja.
Mwanamume. Mtu mzima. Koti jeusi. Mtoni.
Naugeuza. Nyuma ni mweupe.
Natafuta uzi, hata wa inchi moja.
Hakuna pa kuvuta.