Kipengele cha Nne

Fomu inasema: awe anajua kusoma na kuandika
Kiswahili au Kiingereza.
Haisemi asome kwa kasi gani,
wala kwa miwani ya nani.

Jumatatu ya ukungu, kijiji cha Luvanga, juu kabisa Kilolo.
Msimamizi msaidizi ndiye mimi,
bwana shamba kutoka Handeni,
makoti mawili, soksi juu ya soksi,
na kidau cha wino nimekikumbatia kwapani
kisigande kabla ya saa nne.

Wa kwanza alikuwa Ezekia Lunyungu, mwenye msumeno wa mbao.
Alisoma kama mtangazaji wa mpira,
nukta hazikumzuia, mikato hakuiona.
Alipofika penye "futa isiyohitajika"
akayasoma maneno hayo vizuri sana,
asifute kitu.
Nikagonga muhuri.

Wa pili, Sikitu Kihwele.
Mabuti ya mvua aliyaacha mlangoni na tope lake la viazi.
Wakala wa Ezekia akainuka kabla hajakaa:
"Huyu la tatu hakumaliza. Apimwe."

Nikasaka cha kumpimia.
Katiba ilikuwa wilayani, gazeti lilishafungia vitumbua.
Ukutani kulikuwa na tangazo langu mwenyewe
la mbolea ya ruzuku. Nikalibandua.

Alisoma kwa kidole.
Kidole kilitembea kama mtu avukaye daraja la miti miwili,
akikanyaga, akijaribu, akihamisha uzito.
Mbo. Le. A.
Wakala akacheka puani.
Mi. Fu. Ko.
Nje, mvua ikaanza kupima bati.

Nami nikakumbuka, sikutaka lakini nikakumbuka,
mkutano wangu wa kwanza hapa,
nilivyosema "viuatilifu" na "tija kwa ekari"
na wazee wakanitazama kama redio iliyopoteza stesheni.
Ni huyu aliyesimama kando yangu
akayamimina maneno yangu katika Kihehe,
wakaelewa, wakauliza, akanirudishia maswali.
Miaka sita sasa.
Najua "kamwene".
Nikijibiwa zaidi ya hapo nakohoa.
Hakuna fomu iliyowahi kuniuliza.

Kidole kikasimama kwenye namba.
"Hapa umeandika arobaini."
Ndiyo, nikasema, mifuko arobaini, umesoma vyema.
"Mimi nilikuwa nahesabu kwenye lori.
Ilishuka thelathini na moja."
Wakala akaacha kucheka.
Mtu fulani akavuta benchi, likalia.

Nikasema, sasa kuandika. Andika sentensi yoyote.
Nikampa kalamu haraka, kama anayetoa kikombe cha moto.
Hakuishika kama mwalimu.
Aliishika kama mundu,
akalala juu ya karatasi bega zima,
na herufi zikatoka moja moja, kubwa, zimeegemeana,
S yake ikitazama ilikotoka.

mifuko tisa iko wapi

Hakuna herufi kubwa mwanzoni, hakuna alama ya kuuliza.
Nikaitafuta tahajia iniokoe.
Tahajia ilikuwa safi.

Saini ya kupokea shehena ile ni yangu.
Nilisaini turubai halijafunuliwa,
mvua kama hii, dereva ana haraka,
nikasema, Wahehe ni waaminifu, watahesabu wenyewe.
Walihesabu.

"Anajua?" wakala akauliza, kwa sauti ya chini sasa.

Kwenye kisanduku cha kipengele cha nne
nikaandika Ndiyo. Mkono wangu ndio uliokuwa mbaya,
N ikapanda mlima, o haikufunga.
Muhuri ukagoma, nikaupulizia pumzi, ukakubali.

Sikitu akavaa mabuti.
"Bwana shamba," akasema, "nasikia karatasi ya jaribio
huambatishwa kwenye faili, ikaenda wilayani."
Kumbe kanuni alishazisoma.
Nikasema ndivyo zinavyotaka.
Akasimama pale mlangoni, mvua nyuma yake,
hana haraka hata kidogo,
akisubiri aisikie stepla.