Sabuni ya Siku Moja

Kocha aliniambia, "Ardis, pakia sabuni ya siku moja."
Hakusema kwa ubaya. Hesabu anaijua:
vyuo vinane, sisi wa nane,
na Alhamisi mchana tunaanza na wa kwanza.
Basi lilikwisha kukodiwa kwenda na kurudi.
Nikamimina kikombe kimoja cha unga ndani ya soksi kuukuu,
nikaipiga fundo.

Bismarck ilitupokea na theluji ya Machi,
ile iliyochoka, nyeusi ukingoni kama mkate uliosahauliwa jikoni.
Ukumbini, nusu ya viti vilikaliwa na makoti.
Tarumbeta za Brandvold zilianza kushangilia
kabla vijana wetu hawajamaliza kufunga kamba za viatu.

Sitakusimulia mchezo wote. Sikuuona wote.
Niliona mgongo wa Corwin, namba kumi na nne,
amesimama mstarini, sekunde nne zimebaki,
kijana ambaye tangu Desemba mitupo yake huru
ilikuwa ikigonga chuma na kurudi kama deni.
Wa kwanza ukazunguka ukingoni, ukafikiri, ukaingia.
Wa pili haukufikiri.

Basi likaondoka tupu.

Moteli ina mashine mbili chini ya ngazi, moja imekufa.
Hii nyingine hula sarafu za robo dola:
robo sita kwa kufua, robo tano kwa kukausha.
Robo fainali, nikacheka peke yangu, imenimaliza robo zote.
Jezi ya Corwin ilikuwa na damu, kiwiko cha mtu kilimpata mdomoni.
Damu hutaka maji baridi. Ukiipa ya moto
umeiozesha na kitambaa, na hiyo ndoa haina talaka.

Ndipo akaingia mzee wa Brandvold, mfuaji mwenzangu,
miaka ishirini nakutana naye na hatujawahi kuulizana jina.
Kifuani amekumbatia boksi la sabuni, kubwa, halijafunguliwa,
sabuni ya bingwa, sabuni ya siku tatu na ziada.
Akaliweka juu ya mashine iliyokufa.
"Sisi tunarudi nyumbani," akasema. "Wewe unafua."
Nikatafuta neno. Alikwisha panda ngazi,
mkono mmoja gotini.

Ijumaa tukashinda tena, kwa kikapu cha bahati
ambacho Lonnie Askegaard atakiita ustadi mpaka azikwe.
Nikafua kwa sabuni ya watu.
Ilinukia malimau. Vijana wakauliza, nikasema ni mpya.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jumamosi tulipewa jembe na shamba lenyewe.
Pointi kumi na tisa. Kufikia robo ya mwisho
kocha alikuwa ameketi, mikono mapajani,
kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari wa meno.
Wale wengine wakaleta ngazi, wakaleta mkasi,
wakaukata wavu uzi kwa uzi, kila mmoja na kipande chake,
na vipande vya karatasi vya rangi vikaanguka hata juu yetu,
havikuwa vinabagua.

Saa tano usiku nilikuwa chini ya ngazi.
Sikuwa na haja ya kufua. Msimu umekwisha,
jezi zingeweza kungoja mpaka Jumatatu.
Lakini jasho likilala hugeuka kuwa kitu kingine,
nami sitaki kukifahamu.

Corwin akashuka na soksi bila viatu.
"Bi Ardis, yangu usiifue. Nataka kuiweka hivyohivyo."
Nilimwonyesha kioo cha mviringo.
Kumi na nne ilikuwa tayari inazunguka,
ikipita, ikizama, ikipita.

Hakulalamika. Aliketi sakafuni, mdomo bado umevimba,
akaitazama.
Baadaye akaingiza mkono mfukoni,
akahesabu robo tano,
akazipanga moja moja juu ya boksi.
Nikaketi naye. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na mbili.