Bolti Moja

Sinaw, saa nne usiku. Mchana bati lake
hulishiki bila soksi mkononi.
Datsun ya themanini na mbili, ya marehemu Ghalib;
mbuzi wamelala nyuma yake miaka mitatu.

Gasketi nimeikata kwa boksi la tende,
nikapima kwa jicho, nikapaka grisi, nikaomba.
Rejeta ni ya Hilux. Ilikataa kukaa,
nikaibembeleza kwa nyundo.
Shinuna anamulika kwa simu, anapiga miayo.
"Spana, kumi na mbili." Ananipa kumi na nne.
"Ndiyo iliyo karibu."

Alfajiri nikazungusha ufunguo.
Ikakohoa, ikatema moshi na manyoya ya panya,
ikanyamaza kama mtu aliyekumbushwa deni.
Kisha ikanguruma! Mbuzi wakatawanyika,
Shinuna akapiga kigelegele
mpaka jirani Mbaluchi akafungua dirisha.

Tukaenda sokoni, tukarudi,
breki zikishika zinapotaka.

Usiku navua suruali ya kazi,
kitu kikagonga sakafu:
bolti moja, nene, ina grisi yangu.
Sijui ya wapi.
Shinuna sijamwambia.
Kesho tunakwenda Ibra,
taratibu,
redio nimezima.