Maji ya Saba

Mimi ndimi niliyeosha mchele.
Andikeni hivyo kwanza, kabla ya joto la mwili,
kabla ya uzito wa mtoto.
Barke wa Langoni, mavyaa yake Batuli:
niliosha mara saba, hadi maji yakaonyesha kucha zangu.
Yale ya kwanza, mazito kama tui, nilimpa punda.
Shangazi yake Batuli alileta kutoka Tana
mchele wa kutwanga, bado una ganda lake jekundu.
Nao nikampa punda.
Si chakula cha mzazi, nilisema.

Nililea kama nilivyolelewa:
wali mweupe, chai ya rangi, wali tena.
Samaki, hapana, watalichafua ziwa.
Kunde, hapana, zina upepo.
Arubaini ikaisha, nikaiongezea arubaini nyingine.
Mapenzi, nilidhani, ni kumzuilia mtu.

Batuli akasema: Mama, siafu wananitembea miguuni.
Nikasema, ni kukaa sana.
Akasema: nakanyaga sakafu, nahisi pamba.
Nikasema, ni damu ya uzazi, itarudi.

Hata usiku mmoja Famau akalia
na sauti haikutoka.
Kinywa wazi, ulimi unatetema, machozi tele,
kilio kizima kimeshika uso
na chumba kimya;
nilimsikia mende juu ya karatasi.
Jirani akasema, sauti huchukuliwa.
Tukafukiza. Tukaandika kombe kwa zafarani,
tukaosha sahani, mama akanywa.
(Maji ya sahani tuliyanywa hadi tone.
Ya mchele, nimeshawaambia yalikokwenda.)
Alfajiri kifua cha mtoto
kilikwenda mbio kama cherehani.

Tabibu Komora alimsikiliza moyo,
akabonyeza wayo mdogo, kishimo kikabaki.
Kisha akamwacha mtoto, akamgeukia mama:
Chuchumaa. Haya, inuka.
Batuli alichuchumaa.
Hakuinuka. Alishika ukingo wa kitanda
kama mtu anayetolewa kisimani.
Ndipo likaja swali la jikoni:
mmekula nini tangu azaliwe?
Nikajibu mimi, kwa fahari,
nikahesabu hadi maji ya saba.
Kalamu yake ikasimama.

Mwanangu akauliza kama kuna kipimo.
"Hapa hakuna. Na damu ikisafiri, jibu litamkuta amekwenda.
Tutampa dawa.
Dawa ndiyo itakayotuambia."

Thayamini. Vitamini B moja.
Jina geni, kama la mpangaji wa jirani,
kumbe alikaa kwangu siku zote
nami namtoa nje kwa kata.
Sindano ya mtoto, taratibu. Kisha ya mama.
Mwanafunzi alikuja na dripu ya sukari, muuguzi akamzuia:
"Hii kwanza. Sukari ni kuni, hii ndiyo moto.
Ukirundika kuni juu ya jiko lisilowaka,
unalizima."

Nikakaa kwenye benchi. Sikuwa na tasbihi,
nikahesabu pumzi zake.
Adhuhuri sikuweza kuzifuata.
Magharibi niliweza.

Sauti ilirudi kabla ya mapambazuko,
mbaya, ya kukwaruza, bawaba yenye kutu.
Wodi nzima iliamka.
Mwanamke wa kitanda cha pili akasonya:
mnyamazisheni huyo!
Nikamwambia, dada, nisamehe,
leo simnyamazishi.

Sikumwomba Batuli radhi kwa maneno.
Nilituma mtu Tana, nikaagiza gunia.
Naupeta, nausuuza mara moja, basi;
kunde pembeni, na samaki mwenye kichwa chake.
Siafu, asema, wamebaki vidoleni tu.

Punda hajaelewa.
Kila saa tano asubuhi yuko mlangoni,
shingo ndani, ananidai.
Jana Batuli alikuwa chini, amechuchumaa, anachambua kunde.
Akainuka kumfukuza,
mikono yote miwili imejaa.