Mbayuwayu wa Bati

Bibi Ortrun alitaka euro themanini
na sharti moja: siku itakapowaka
nipite nayo mbele ya nyumba yake,
nisisimame.
Nikakubali. Mnunuzi wa kutu hana maswali.

Ilikuwa ghalani, nyuma ya mashine ya kukatia majani,
skuta ya kiwanda cha milimani Thuringia
ambayo walioiunda waliiita Mbayuwayu;
na mbayuwayu wenyewe, wa manyoya, kutoka darini,
miaka thelathini na ushei
walikuwa wakimnyea mwenzao wa bati.
Tairi zimekaa chini kama mkate uliokosa hamira.
Panya, ambao husemwa huuma wakipuliza,
hapa waliuma tu: kiti, nyaya, chujio la hewa.
Humo wakazaa.

Nilianza Novemba. Mimi si fundi.
Hupima macho ya watu mjini Ilmenau,
vidole vyangu vimezoea skrubu ndogo kuliko punje ya mtama;
pengine ndiyo maana kabureta haikunichukia.
Nilifungua jeti, nikaielekeza kwenye taa:
tundu lililopaswa kuonyesha nuru lilionyesha usiku.
Petroli ikisahauliwa huwa gundi, gundi huwa jiwe.
Nikachokonoa kwa uzi wa shaba, nikapuliza,
nikatazama, nikapuliza,
mpaka ikatokea nyota moja.

Tangi nililitia siki na konzi ya nati,
nikalitikisa jikoni usiku wa manane.
Jirani wa chini, Tilo Wenzlaff, akagonga dari kwa ufagio.
Kesho yake akapanda kulalamika,
akabaki kunishikia pistoni.
"Ringi zimeganda," akasema, yeye aliyestaafu kwenye majokofu.
Tukaioka silinda mahali pa keki ya Jumapili.
Nyumba ilinuka gereji mpaka Pasaka.

Kwenye kisanduku cha spana, chini ya kiti:
kichupa cha glasi, kizibo cha mpira,
lebo yenye mwandiko ulioinama kama unapanda mlima:
Zizi la 4, jioni, 11 Mei 88.
Nikadhani ni dawa ya marehemu mumewe.

Rangi sikuigusa.
Mtu aliipaka kijani juu ya buluu ya kiwandani,
unywele wa brashi umenasa karibu na taa hadi leo.
Tilo alitaka tuikwangue.
Nikamwambia kovu si uchafu.

Aprili. Kiki ya kwanza: kimya.
Ya tisa: kikohozi.
Ya ishirini na kitu, goti langu likakata rufaa.
Tukatoa plagi, imelowa. Tukaikausha,
tukaisogeza platini kwa unene wa ukucha,
na bila hodi, bila salamu,
ikashika.
Moshi ukajaa uani. Tilo akapiga chafya, akacheka,
akafuta miwani niliyompimia mwenyewe.

Nikapita.
Bibi Ortrun alikuwa amenipa mgongo, anaanika shuka.
Niliambiwa nisisimame; nikasimama.
Hakugeuka.
"Gia ya tatu," akaliambia shuka,
"bado inakataa kwanza. Iachie klachi taratibu,
kama unayeweka kikombe karibu na mtu aliyelala."
Nikauliza, mumewe aliizoeaje?
"Nani, Eckart? Eckart hata baiskeli ilimwangusha."

Yeye ndiye aliyezunguka mazizi kumi na moja,
alfajiri na jioni, theluji na tope,
akikusanya sampuli za maziwa,
mpaka mwaka ule ng'ombe walipopigwa mnada
na hapakubaki cha kupima.

Nikampa kichupa.
Akakiinua juani, akafumba jicho moja,
vile vile nilivyoitazama jeti.
"Zizi la nne," akasema. "Walikuwa wakitia maji."
Akakidumbukiza mfukoni mwa aproni, kati ya vibanio,
akanipa ncha ya shuka nishike.