Shanga za Risiti

Jumamosi, jua halijafika kwenye mabati ya Gikomba,
mimi nimeshainama.
Mtaka cha mvunguni, walisema; hawakusema
mgongo utauma kiasi gani.
Mchuuzi anapiga meza: hamsini, hamsini, jichagulie!
Nami nachagua kwa vidole, macho nimeyapumzisha.
Macho hudanganywa na rangi;
kidole kinajua sufu, kinajua pamba,
kinaujua uongo wa nailoni.

Nikaibuka na koti la jitu fulani la nchi ya theluji,
bega lake moja lingemfunika mdogo wangu Mbithe mzima.
"Dada, hilo la nini? Kwenu mnafuga dubu?"
Nikacheka, nikalipa, nikanyamaza.
Anayeiona sketi ndani ya koti
hatangazi mbele ya mwenye bei.

Kariobangi Kusini, chumba namba kumi na nne.
Kufumua ndiyo kazi, kushona ni sherehe tu.
Nilipita na wembe, mshono kwa mshono,
na uzi wa fundi wa kwanza ukatoka bila kukatika,
nikauzungusha kwenye kiberiti kitupu:
mtu asiyenijua, wa mbali huko,
amenipa mita nne za uzi mweusi.
Mgongo wa koti ukawa sketi.
Bitana, yenye rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
ikawa kola ya blauzi.
Mfuko wa ndani, ule wa upande wa moyo,
niliuhamisha kama ulivyo hadi kiunoni.
Mwanamke naye apate pa kuficha mia mbili.

Saa tatu usiku tokeni zikaisha, pu!
Cherehani ya Mama Khavere ni ya miguu, haijali stima,
ila sindano haionekani gizani.
Nikawasha mshumaa, nikabadili kazi.
Ushanga hautaki mwanga mwingi.
Unataka karatasi, gundi,
na spoku ya baiskeli ya kuzungushia.

Karatasi ninazo. Jamani, ninazo!
Risiti ya kodi ya Machi: kata pembetatu nyembamba,
zungusha, zungusha, gundi kidogo, chomoa.
Risiti ya hospitali, siku tisa za mama wodini,
ndefu kama foleni yenyewe,
ilitoa shanga thelathini na moja.
Barua ya shule, "Mzazi, unakumbushwa tena",
ilitoa saba, zenye mstari wa wino wa bluu,
nazo ndizo nzuri kuliko zote, sijui kwa nini.
Vanishi niliikwangua chini ya kopo la Otwori seremala.
Hereni ni shaba, waya wa soketi iliyoungua Krismasi
ikatuacha tukila wali gizani.

Jumatatu Mbithe alikwenda mahojiano ya kazi Kilimani.
Dada wa mapokezi aliinuka kitini:
"Mkufu huu! Umeutoa wapi? Ni wa ng'ambo?"
"Wa nyumbani," Mbithe akasema,
wala hakudanganya.
Nyumba nzima ilikuwa shingoni mwake,
kila homa, kila "nivumilie hadi mwisho wa mwezi",
imeviringwa, imekaushwa, inameta,
na pale ofisini hakuna aliyeweza kuisoma.

Kazi? Walisema watapiga simu.

Mimi peke yangu najua ushanga upi ni upi.
Akigeuza shingo namwona Machi akipita,
namwona mama akiketi kitandani, akiomba uji.

Imebaki karatasi moja, nimeilaza chini ya godoro.
Deni lake halijaisha, kwa hiyo mkasi hauigusi.
Nimeipima kwa jicho tu: itatoa kama ishirini.
Uzi nimeuacha mrefu upande mmoja,
sijaukata.